Bwana Mkubwa na Bwana Maridadi: baba na mwana katika safari yao ya kwanza ya kuwinda Afrika Mashariki, 1909 hadi 1910

Mleta mada

Wanabodi, heshima yenu.

Mwanangu aliye kidato cha pili aliniuliza majuzi imekuwaje neno "safari" likaenda ughaibuni likapata maana ya kuwinda au kutazama wanyama, ilhali kwetu mtu anayepanda basi kwenda kumwona shangazi yake naye yuko safarini. Nilipoanza kumjibu nikajikuta namsimulia habari ya baba na mwana waliotoka Marekani zaidi ya miaka 100 iliyopita. Nimeona niiandike hapa kwa kirefu, kwa sababu kila inapotajwa kwa Kiswahili huishia katika mistari miwili: rais mstaafu wa Marekani alikuja Kenya kuwinda, basi. Habari yenyewe ni ndefu kuliko hivyo, na sehemu kubwa yake ilisemwa na kuimbwa kwa Kiswahili.

Theodore Roosevelt alikabidhi urais tarehe 4 Machi 1909, akiwa na umri wa miaka 50. Tarehe 23 ya mwezi huohuo alikwisha kupanda meli kuondoka New York, akiwa amefuatana na Kermit, mwanawe wa pili wa kiume, kijana wa miaka 19 aliyekuwa mwaka wa kwanza katika Chuo Kikuu cha Harvard na ambaye aliacha masomo kwa muda ili aende na baba yake. Baba alikuwa mwindaji wa siku nyingi huko kwao, amewahi kupiga dubu na nyati wa Amerika, lakini si yeye wala mwanawe aliyewahi kukutana na simba, tembo au faru porini. Tena macho ya baba hayakuwa mazima, kwani jicho la kushoto lilikuwa limepofuka kutokana na pigo alilopata katika mchezo wa ngumi alipokuwa rais. Mtu huyo ndiye aliyejitwika dhamana ya kumpeleka mwanawe mbele ya wanyama wanaoua.

Haikuwa safari ya starehe tupu. Taasisi ya Smithsonian ya Washington ilihitaji vielelezo kwa ajili ya jumba lake jipya la makumbusho, ikawapa wataalamu watatu wa viumbe, yaani Edgar Mearns, Edmund Heller na Alden Loring. Gharama za upande wa Smithsonian zilitoka kwa wafadhili, Andrew Carnegie akiwa mmoja wao, na Roosevelt alilipia sehemu yake na ya mwanawe kwa kuandika makala za gazeti, kazi aliyoahidiwa dola 50,000. Kermit alipewa jukumu la kupiga picha. Katika shehena yao kulikuwa na tani nne za chumvi ya kuhifadhia ngozi, na ninaomba msomaji aitafakari chumvi hiyo kidogo, kwa sababu palipoishia reli na gari la maksai ilibebwa vichwani na mabegani mwa watu.

Walishuka Mombasa tarehe 21 Aprili 1909. Kutoka hapo walipanda treni ya reli ya Uganda, na mchana Roosevelt alikaa kwenye benchi lililowekwa mbele kabisa ya injini, pamoja na kaimu gavana Frederick Jackson, akitazama makundi ya wanyama yakikimbia pande zote mbili za njia. Waliteremka katika stesheni ya Kapiti, kwenye nyanda ambazo leo zimo katika kaunti ya Machakos, wakakuta msafara umekwisha kupangwa na kuwangoja. Mahema yalikuwa yamesimama kwa safu, bendera ya Marekani imepandishwa juu ya hema la baba, na watu zaidi ya 200 wamejipanga: wapagazi, askari, wapishi, watumishi wa mahema, wachunaji ngozi, watunza farasi na wabeba bunduki. Kulikuwa na Waswahili wa pwani, Wakamba, Wakikuyu, Wanyamwezi na wengine wengi, na lugha iliyowaunganisha wote ilikuwa moja. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama ratili 60, mbali na vitu vyake mwenyewe. Mzigo mmoja ulikuwa wa vitabu tu, kama 60 hivi, vilivyojaladiwa kwa ngozi ya nguruwe ili vistahimili jasho, damu na vumbi.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Wapagazi hawakuwaita wageni wao kwa majina waliyokuja nayo. Baba alipewa jina la Bwana Mkubwa, na kijana akaitwa Bwana Mdogo, kama ambavyo mtoto wa mgeni yeyote angeitwa. Baada ya muda jina la kijana likabadilika, akaitwa Bwana Maridadi. Roosevelt mwenyewe aliyaandika majina hayo katika kitabu alichokitoa mwaka 1910, ingawa tahajia yake ilipinda kidogo, na akawaeleza wasomaji wake maana zake. Aliyewahi kuishi kambini au kwenye kazi ya watu wengi anajua kwamba jina la utani halitolewi bure. Bwana Mdogo ni jina la mtoto wa mtu, lakini Bwana Maridadi ni jina la mtu mwenyewe. Kwa maoni yangu badiliko hilo linatueleza mambo ya Kermit kuliko orodha yote ya wanyama aliowaua, maana wenzake wa njiani walikwisha kumtazama anavyotembea, anavyovaa na anavyopanda farasi, wakamtoa kwenye kivuli cha baba yake.

Alijifunza pia Kiswahili cha kutosha kuzungumza na watu wake bila mkalimani. Wabeba bunduki wake walikuwa Juma Yohari na Kassitura, Msoga kutoka Uganda. Wa baba yake mwanzoni walikuwa Muhamed na Bakari, na hemani alihudumiwa na Ali pamoja na Mkikuyu mmoja aliyeitwa Bill. Mbeba bunduki hakuwa mchukuzi wa kawaida. Ndiye aliyesimama hatua moja nyuma ya mwindaji mnyama anapokuja mbio, akiwa na bunduki ya pili iliyojazwa risasi mkononi, na alipaswa kuitoa kwa wakati wake badala ya kukimbia. Kijana wa miaka 19 anayekabiliana na chui kwa mara ya kwanza anajifunza mengi kwa mtu aliyesimama nyuma yake, hata kama baba yake yupo.

Siku yao ya kwanza ya simba ilikuwa huko Kitanga, walipokuwa wageni wa mlowezi Alfred Pease. Walimwona mnyama ndani ya majani marefu ya korongo, Roosevelt akapiga risasi, na walipokwenda kutazama wakakuta ni watoto wa simba. Jioni ya siku hiyohiyo wakapata madume wawili wakubwa. Ninaisema habari hii ya watoto wa simba kwa sababu Roosevelt hakuificha, na kwa sababu mtu anayempeleka mwanawe kuwinda hana budi kumwonyesha pia kosa lake mwenyewe, likiwa limelala chini mbele ya macho yao wote wawili.

Simba mkubwa alipouawa, alifungwa kwenye mti, wapagazi wakambeba kwa kupokezana mpaka kambini, gizani, huku mmoja akianzisha wimbo wa maneno aliyoyatunga papo hapo na wengine wakiitikia kwa sauti moja. Kambini waliobaki walitoka kuwapokea kwa vifijo. Roosevelt alisikiliza nyimbo hizo usiku hadi usiku, na alizieleza kwa heshima. Ninasikitika kwamba hakuna aliyeketi na mwanzishaji akaandika beti zake zote.

Jambo lililomtia baba hofu zaidi ya wanyama lilikuwa ujasiri wa mwanawe. Kermit hakuwa na shabaha nzuri sana, lakini alikuwa na miguu isiyochoka, na alikuwa akimfuata mnyama aliyejeruhiwa bila kujali. Katika barua za nyumbani Roosevelt aliandika kwamba tangu wafike nchini alikwisha kusikia habari za watu wengi waliouawa au kuraruliwa na simba, na kwamba alipomwona kijana akiwaendea simba bila kufikiri mwisho wake alitamani kumchapa. Ni maneno ya baba yeyote. Hata hivyo hakumzuia. Alimwacha aende kwa wiki kadhaa na mwindaji Leslie Tarlton, mbali na yeye, na Kermit akarudi na tandala mkubwa ambaye baba yake hakumpata. Katika orodha yao ya mwisho, chui na duma wote ni wa Kermit.

Baba naye alikaribia kumwacha mwanawe yatima. Katika misitu ya Mlima Kenya, akiongozwa na Wandorobo, wawindaji wa msituni waliozijua njia za tembo, alimkaribia dume mwenye pembe nzuri hadi umbali mfupi sana, akapiga kwa mtutu wa kwanza, akapiga kwa wa pili, na mnyama akaanguka. Bunduki ikawa tupu. Wakati huohuo vichaka vya upande wa kushoto vikafunguka, akatokea tembo mwingine, karibu kiasi kwamba angeweza kumgusa kwa mkonga. Roosevelt aliruka nyuma ya mti huku akitoa maganda ya risasi, na R. J. Cuninghame, mwindaji aliyekuwa naye, akampiga tembo huyo naye akageuka kutoweka msituni. Usiku ule Bwana Mkubwa alikaa mbele ya moto akichoma vipande vya moyo wa tembo kwenye kijiti, akala. Kermit hakuwapo, maana alikuwa akiwinda kwingine. Mara nyingi nimefikiria habari hiyo ilivyompata, na nani aliyemsimulia kwanza, baba yake au wapagazi.

Kwa muda wa karibu miezi kumi na moja, baba aliwaua wanyama wakubwa 296 na mwana 216, jumla 512. Vielelezo vyote vilivyopelekwa Washington, pamoja na ndege, panya, nyoka na wengineo, vilizidi 11,000. Roosevelt alisema kwamba wao wenyewe walibakiza nyara kama kumi na mbili tu, na kwamba wengine wote walikuwa kwa ajili ya makumbusho au kitoweo cha kambi. Watu zaidi ya 200 wanakula, hilo ni kweli. Lakini 512 ni wengi, na hata wakati ule walikuwapo waliosema hivyo.

Nakaribisha michango, hasa ya wenye kujua sehemu walizopita.

Mchangiaji kutoka Kwale

Mzee wangu, ahsante kwa uzi huu. Umeisahau pwani. Kermit alishuka hadi kwetu, bila baba yake, kumtafuta palahala, yule swala mkubwa, katika vilima vya Shimba, na akampata. Baba yake hakumpata palahala hata mmoja katika safari nzima. Leo Shimba ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1968, na ndiyo sehemu pekee ya Kenya ambako palahala bado wapo. Wazee wetu walikuwa wakiwaona wakitoka msituni alfajiri, dume mweusi mbele na pembe zake zimepinda kwenda mgongoni, umande bado unamtiririka. Ninafurahi kwamba kijana huyo alikuja kumwona mnyama wetu, na wakati huohuo ninashukuru kwamba hakukaa sana.

Mleta mada

Umenikumbusha jambo muhimu, ndugu yangu, na linaitia nguvu hoja yangu. Kijana aliyeshuka treni Kapiti akiwa Bwana Mdogo aliweza baada ya miezi michache kwenda pwani akiwa na msafara wake mwenyewe, akisema lugha ya wenyeji. Alitimiza miaka 20 akiwa huku, tarehe 10 Oktoba 1909.

Mchangiaji kutoka Morogoro

Wakuu, sisi wa upande wa Tanzania tuna kipande chetu katika habari hii. Katika meli iliyowaleta Mombasa alikuwamo Frederick Selous, mwindaji Mwingereza aliyekuwa amemsaidia Roosevelt kuipanga safari. Huyo ndiye aliyeuawa kwa risasi Beho Beho tarehe 4 Januari 1917, katika vita na Wajerumani, na pori la akiba la Selous likapewa jina lake. Kaburi lake lipo, ndani ya eneo ambalo tangu 2019 limo katika Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Nimefanya kazi ya kufuata nyayo katika kitalu cha uwindaji kwa misimu kadhaa, na nimewapokea akina baba waliokuja na watoto wao kwa mara ya kwanza. Siku hizi ni siku 10, au 21 kwa anayetaka wanyama wakubwa zaidi. Kila mnyama yumo kwenye leseni kwa jina, yupo mwindaji bingwa na yupo askari wa wanyamapori anayeandika. Jambo moja halijabadilika. Siku mbili za mwanzo mtoto anamtazama baba yake kila mara kabla ya kufanya lolote. Kufikia siku ya tano anamtazama mfuata nyayo. Nyati akiwa mbele, kwenye majani yaliyofika kifuani, anatazama mkono wangu tu, kama umefunguka au umefungwa. Kuna binti mmoja aliyelia baada ya nyati wake kuanguka, baba yake akataka kumnyamazisha. Mwindaji bingwa akamwomba amwache alie. Tulikaa pale kimya, inzi wakianza kuja, mpaka akamaliza mwenyewe, akaenda akamfumba nyati jicho kwa kiganja chake.

Mchangiaji kutoka Arua, Uganda

Salamu kutoka West Nile. Sijaona mahali palipotajwa Rhino Camp, na huko ndiko msafara wao ulikofanya jambo zito kuliko yote. Mwanzoni mwa 1910, baada ya kuvuka Ziwa Victoria hadi Entebbe, kutembea hadi Butiaba na kushuka Mto Nile, walipiga kambi ukingo wa magharibi, katika eneo la Lado lililokuwa bado mikononi mwa Wabelgiji. Walikwenda huko kwa ajili ya faru mweupe wa kaskazini. Baba aliua watano na mwana wanne. Mji wetu umebaki na jina hilo la Rhino Camp, na hakuna faru.

Mleta mada, ninakuomba usilipite hilo haraka. Roosevelt alijua kabisa kwamba faru huyo ni adimu, na ndiyo sababu makumbusho ilimtaka. Sisi tunaoishi hapa watoto wetu wanatuuliza jina la mji limetoka wapi, na tunawaonyesha picha.

Mleta mada

Ndugu yangu wa Arua, nakubaliana nawe, na sitalipita. Niliposoma orodha kwa mara ya kwanza niliupita mstari huo kama ile mingine. Niliporudi nikauhesabu: watano na wanne, tisa. Haitakuwa haki kusema kwamba kuuawa kwa hao tisa ndiko kulikommaliza faru huyo, kwani ujangili na vita vya miaka ya baadaye viliua wengi zaidi. Lakini dume wa mwisho wa aina hiyo, aliyeitwa Sudan, alikufa katika hifadhi ya Ol Pejeta, hapo Laikipia, tarehe 19 Machi 2018. Wamebaki majike wawili tu duniani, Najin na Fatu. Najin ni binti yake Sudan, na Fatu ni binti yake Najin. Nilikwenda na mwanangu kuwatazama. Mama alikuwa akila majani na binti amesimama ubavuni pake, vichwa vyao vimeinama kimoja kando ya kingine, askari wenye bunduki wakiwa umbali mfupi. Mwanangu, ambaye kwa kawaida huongea njia nzima, hakusema kitu mpaka tulipofika Nanyuki, kisha akaniuliza kama Bwana Maridadi aliwahi kujua.

Nilimjibu kwamba Kermit alikufa Alaska mwaka 1943, akiwa afisa wa jeshi, kwa mkono wake mwenyewe, baada ya miaka mingi ya maradhi na pombe. Hakuiona siku hii.

Mchangiaji kutoka Eldoret

Ningependa kuongezea habari ya Uasin Gishu. Mwishoni mwa 1909 Wanandi waliitwa kumwonyesha Roosevelt namna wanavyomuua simba kwa mkuki. Walimzunguka dume mmoja mkubwa, wakalifunga duara taratibu, ngao mbele, mpaka simba akachagua mtu mmoja na kumrukia. Mtu huyo aliumizwa, na mikuki ikammaliza simba papo hapo. Roosevelt alikuwa juu ya farasi, hakupiga hata risasi moja, na aliandika kwa mshangao mkubwa. Jambo ambalo halisemwi ni kwamba Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, alikuwa ameuawa na Waingereza tarehe 19 Oktoba 1905, miaka minne tu kabla. Vijana walioshika mikuki ile siku ile walikuwa wamewazika watu wao juzijuzi.

Mleta mada

Ahsante sana, mkuu. Hilo sikulijua kwa uzito huo, na litabadilisha namna ninavyomsimulia mwanangu.

Niwajibu pia walioniuliza kwa ujumbe wa faragha kama safari hiyo iliwafaa baba na mwana wenyewe. Tarehe 14 Machi 1910 walifika Khartoum, mama na dada wa Kermit wakawapokea. Miaka minne baadaye wawili hao walikuwa pamoja tena, safari hii huko Brazili, katika mto usiokuwa kwenye ramani. Baba alijeruhiwa mguu, akashikwa na homa kali, akawaambia wenzake wamwache afe ili waokoke wao. Kermit alikataa. Alishusha mitumbwi kwa kamba kwenye maporomoko mpaka akamtoa baba yake akiwa hai. Waliomwita Maridadi walikuwa wamekwisha kumwona akitembea mchana kutwa bila maji kumfuata mnyama, na sidhani wangeshangaa.

Sasa naomba jambo moja kwa wanabodi wa Machakos, Mombasa, Busoga na Unyamwezi. Majina ya Juma Yohari, Kassitura, Bakari na Muhamed yamo katika kitabu cha mgeni, na sura za baadhi yao zimo katika picha alizozipiga Kermit. Habari zao baada ya msafara kuvunjwa sijazipata popote. Ikiwa kuna mwenye babu au bibi aliyewahi kutaja msafara wa Kapiti, au aliyehifadhi hata ubeti mmoja wa nyimbo za kumbeba simba, auandike hapa kama alivyousikia, kwa lahaja yake, bila kuusahihisha.